Jinsi ya kuomba kibali cha kufuatilia kwa miaka mingi watoto waliozaliwa na akina mama waliotumia heroini au pombe (Tanzania Bara)

Anza na kamati ya maadili ya taasisi yako, kisha kamati ya taifa iliyo chini ya NIMR (Taasisi ya Taifa ya Utafiti wa Magonjwa ya Binadamu). Mtafiti mgeni huongeza kibali cha COSTECH (Tume ya Taifa ya Sayansi na Teknolojia), halafu kibali cha ukaazi cha daraja C.

Katika andiko, eleza kwanza utajuaje mama alitumia nini. Mkojo huonyesha siku chache tu zilizopita. Tone la damu lililokaushwa kwenye karatasi, kwa kipimo cha PEth (kinachotafuta masalia ya pombe kwenye damu), huonyesha pombe ya wiki chache. Choo cha kwanza cha mtoto, kile cheusi, kinabeba habari za miezi ya mwisho ya ujauzito, lakini huisha ndani ya siku mbili tatu; taja nani atakikusanya wodini, hata usiku. Sampuli zikipimwa nje ya nchi, ambatisha mkataba wa kuzihamisha. Data nazo zina mkataba wake.

Kundi la kulinganisha litoke kata ileile na kliniki ileile. Akina mama wengi walio kwenye methadoni (dawa ya kutibu uraibu wa heroini) huvuta sigara, na baadhi wana VVU au lishe duni. Ukiwalinganisha watoto wao na wa hospitali ya binafsi, utakuwa unapima umaskini, si heroini. Rekodi pia uzito wa kuzaliwa na umri wa mimba.

Fomu ya ridhaa, kwa maoni yetu, ndiyo inayorudishwa zaidi. Iandike kwa Kiswahili cha mtaani na iseme wazi kwamba mama akikataa, dozi yake ya methadoni haiguswi. Usiahidi siri isiyo na mipaka: Sheria ya Mtoto ya 2009 inamtaka mwanajamii atoe taarifa haki za mtoto zinapovunjwa, kwa hiyo taja mipaka hiyo kabla mama hajasaini. Eleza pia mtoto akigundulika kuchelewa kuongea au kutembea atapelekwa wapi, na nani atalipa nauli.

Kisha fikiria miaka ijayo. Mtoto akihamia kwa bibi yake, nani anasaini? Akianza shule aulizwe mwenyewe kwa lugha yake. Akifika miaka 18 ridhaa ni yake. Omba namba tatu za simu, kwani laini hubadilishwa. Anayepiga asitaje dawa za kulevya, wala jina la utafiti lisiandikwe kwenye gari au bahasha. Mjumbe akiliona tu, mtaa mzima umeshajua.

Ukishapata cheti, peleka barua kwa Katibu Tawala wa Mkoa, Mkurugenzi wa Halmashauri na Mganga Mkuu wa Wilaya, ndipo uende kituoni. Cheti cha NIMR hudumu mwaka mmoja. Omba upya mapema ukiambatisha ripoti ya maendeleo, kwa sababu kikiisha lazima usimamishe ziara, na mtoto aliyepaswa kupimwa akiwa na miezi 12 hatakusubiri.