Diski Iliyosimbwa kwa LUKS Isipofunguka Kompyuta Inapowaka

Ikiwa diski yako iliyosimbwa kwa LUKS (njia ya Linux ya kusimba diski) haifunguki, kabla ya kugusa chochote kwenye Debian au Ubuntu, hakikisha kwamba kosa si la kibodi. Wakati mwingine, katika hatua ya mwanzo unapoombwa nenosiri, kibodi husomwa kwa mpangilio wa Marekani. Kwa hiyo nenosiri lenye alama ya @, ulilolichagua ukitumia mpangilio wa Uingereza, litakataliwa ingawa vidole vyako havijakosea, kwa kuwa kitufe hicho sasa kinatoa alama ya kunukuu.

Ikiwa hukuombwa nenosiri kabisa na umeachwa kwenye mstari wa amri wa initramfs (mfumo mdogo unaowaka kabla ya mfumo wenyewe), shuku kwanza faili ya /etc/crypttab, inayoorodhesha diski zilizosimbwa za kufunguliwa. Andika blkid, tafuta sehemu ya diski yenye TYPE="crypto_LUKS", kisha linganisha UUID yake (namba ya utambulisho) na iliyoandikwa katika faili hiyo. Wengi wetu, nami nikiwemo, tumewahi kunakili UUID ya mfumo wa faili uliomo ndani badala ya ile ya sehemu yenyewe iliyosimbwa.

Ili kuingia kwa sasa, fungua kwa mkono, ukiweka sehemu uliyoipata kwa blkid badala ya /dev/sda3:

cryptsetup open /dev/sda3 sda3_crypt

Jina la mwisho lilingane na lile la crypttab. Kama unatumia LVM (mfumo wa kugawa diski katika sehemu pepe), ongeza lvm vgchange -ay, kisha andika exit. Mfumo ukishawaka, sahihisha faili na uendeshe sudo update-initramfs -u -k all. Bila amri hiyo, nakala ya zamani ya crypttab iliyo ndani ya initramfs ndiyo itakayosomwa tena, nawe utadhani marekebisho yako hayakufaa.

Siku hiyohiyo, hifadhi kichwa cha LUKS (eneo la mwanzo la sehemu iliyosimbwa lenye taarifa za funguo) kwenye flashi kwa amri ya cryptsetup luksHeaderBackup, maana kikiharibika, hata nenosiri sahihi halitafungua diski.