Kutia nanga Barbuda na kwenda kuwaona chopoa (ndege wa baharini): fanya hivi

Kama umepata kibarua kwenye yoti huko Karibi na mwenye chombo anataka Barbuda, kubali ila usikurupuke. Kisiwa kizuri sana hicho, watu wachache, fukwe ndefu, ndege kibao, lakini kimezungukwa na miamba na ni bapa kinoma, sehemu ya juu kabisa ni kama mita 40 tu, kwahiyo unakuja kukiona ukiwa tayari umekaribia.

Hatua ya 1: maliza kila kitu Antigua, kisiwa jirani. Makaratasi ya uhamiaji na forodha, maji, dizeli, msosi. Chukua na keshi, dola ya Karibi Mashariki (2.70 kwa dola 1 ya Marekani).

Hatua ya 2: pigia hesabu jua, sio saa ya chai. Ni maili za baharini kama 30 kwenda kaskazini, upepo kwa kawaida unatoka mashariki kwahiyo unakuwa nao ubavu wa kulia, raha tupu. Boti ya maili 6 kwa saa ing'oe nanga saa 12 asubuhi, saa 5 uko pale na jua liko juu. Ukichelewa ukafika jioni, jua linakuwa chini na maji yote yanang'aa huoni kitu, hapo bora ungelala Antigua.

Hatua ya 3: kuingia. Hii ndo yenyewe. Weka mtu omo (mbele ya chombo), asimame juu kadri anavyoweza, avae miwani ya polaroidi (ya jua, inayokata mng'ao wa maji), na kazi yake iwe hiyo tu, simu aache chini. Buluu nzito ni kina kirefu, kijani cheupe ni mchanga, kahawia ni mwamba, usiusogelee. Nyasi za baharini nazo zinaonekana nyeusi na zinachanganya, vivuli vya mawingu ndo balaa kabisa, ila kivuli kinatembea na mwamba hautembei, so ukiwa na shaka punguza mwendo subiri. Ramani ya kwenye skrini isaidie tu, isiongoze, hasa upande wa kusini karibu na Cocoa Point.

Hatua ya 4: nanga kwenye mchanga. Mnyororo mara 5 ya kina, rudi nyuma kwa injini mpaka ishike, afu mtu apige mbizi aiangalie. Low Bay, upande wa magharibi, ni tamu, lakini miezi ya baridi mawimbi makubwa ya kaskazini yanaingia na hapo kushuka ufukweni na kidau cha mpira ni kupinduka. Ukiona yameanza, hama mapema.

Hatua ya 5: ndege sasa. Wako kwenye mikoko ya Codrington Lagoon (wangwa wa maji ya chumvi), moja ya makoloni makubwa ya chopoa duniani. Usiende na kidau chako, chukua mwongozaji wa pale kijijini Codrington mwenye boti yake, anajua njia na anazima injini mapema akasukuma kwa upondo (mti mrefu). Mzazi akishtuka akaruka, kinda linabaki juani peke yake, na wanataga yai moja tu. Nenda kati ya Septemba na Aprili, madume yanatunisha mfuko mwekundu kooni kama puto kutongoza majike. Na chopoa hatui majini, manyoya yake yanalowa, ndo maana mara nyingine anaiba samaki wa ndege wenzake hukohuko hewani, jambazi mwenye mabawa ya zaidi ya mita 2!

Usiamini maelezo ya zamani kuhusu ule ukanda wa mchanga kati ya bahari na lagoon. Kimbunga Irma cha Septemba 2017 kiliupasua, nyumba nyingi zikabomoka, wakazi wote wakahamishiwa Antigua. Chopoa wakarudi, na watu nao wakarudi kidogo kidogo. Muulize mwongozaji hali ya sasa. Na ukiwa mjini ujue Wabarbuda kwa desturi wanaihesabu ardhi ya kisiwa kuwa yao wote kwa pamoja, na wana kesi na ugomvi mrefu kuhusu mahoteli ya kifahari, so usianze kuropoka mambo ya kununua kiwanja.

Punda utawakuta wanazurura, usiwape chakula.

Kurudi nako ni hivyohivyo, usitoke mpaka jua lipande uione miamba, na ile njia uliyoingilia irekodi kwenye GPS uifuate.