Mifupa 8 ya kifundo cha mkono: ikariri kwa mahali, jina lifuate

Wengi huanza na orodha ya majina, na orodha ndiyo inayowaangusha. Kwenye mtihani wa vitendo unakuta mfupa mmoja umefungwa uzi ili uutaje jina, dakika zinakwenda.

Hatua ya 1. Laza mkono wa kushoto mezani, kiganja juu. Kwa bolpeni, chora vijumba vinne kuanzia mkunjo wa kifundo, kisha vinne vingine mbele yake kuelekea vidoleni.

Hatua ya 2. Vijaze kwa herufi ya kwanza ya kila neno la sentensi hii (zile za Kiingereza nyingi hazisemeki mbele ya mama mkwe):

*Salma, leo tunapanda pikipiki. Tegeta, Temeke, Kigamboni hatufiki.*

Yaani skafoidi, lunati, trikwetrali, pisifomu. Trapeziamu, trapezoidi, kapiteti, hamati. Kapiteti kwa Kiingereza huanza na C, usijichanganye. Safu zote mbili zinaanzia upande wa kidole gumba. Ukifika pisifomu ukageuza njia, hamati itaangukia chini ya gumba na safu nzima imeharibika.

Hatua ya 3. Papasa. Pisifomu ni ile punje ngumu kama njegere chini ya kiganja, upande wa kidole cha mwisho. Imekaa juu ya trikwetrali. Sasa nyanyua gumba: kwenye kishimo kinachojitokeza, bonyeza chini kabisa. Hapo ni skafoidi, na hapo ndipo anapoumia aliyeanguka na bodaboda akajikinga kwa kiganja. Damu yake nyingi huingilia upande wa vidoleni, kwa hiyo ikivunjika katikati, kipande cha upande wa pili kinaweza kufa. Ukiijua sababu hiyo, skafoidi haikupotei tena.

Zile T mbili zinazofuatana ndizo zinazochanganya. Trapeziamu hubeba gumba, trapezoidi hubeba kidole cha shahada. Kapiteti, kubwa kuliko zote, iko usawa wa kidole cha kati. Hamati ina kindoano na hubeba viwili vya mwisho.

Hatua ya 4. Chora kwenye karatasi tupu kabla ya kufungua kitabu: jioni hiyohiyo, kesho yake, siku ya 3, ya 7. Ulichokosea usifute, kizungushie wino mwekundu, urudie hicho tu. Kisha chora mkono wa kulia, halafu upande wa nyuma, ambako pisifomu imejificha.

Foleni ya Gongo la Mboto inatosha kujipima: lunati imepakana na nani? Ukijibu radiasi (mfupa wa kigasha ulio upande wa gumba), skafoidi, trikwetrali, kapiteti na hamati bila kuanza na Salma, hamia kwenye misuli.