Mteule wa ujaji Marekani akituhumiwa: namna ya kupima kama msamaha wa Rais utamfaa

Nafanya kazi ya ukalimani wa Kiswahili mahakamani, hapa Maryland. Tangu mwaka 2018, Brett Kavanaugh alipotuhumiwa huku akisubiri kuthibitishwa na Seneti kuwa jaji wa Mahakama ya Juu, jamaa wa nyumbani huniuliza swali moja: Rais aliyemteua si angemsamehe tu, yakaisha? Kila tuhuma ya namna hii ikizuka swali hurudi, basi naandika jinsi ninavyolipima.

Anza na mstari wa juu wa hati ya mashtaka. Kwenye mahakama ya kaunti ya Montgomery, mjini Rockville, utasoma "Jimbo la Maryland dhidi ya fulani". Nenda Greenbelt, kwenye mahakama ya shirikisho, utasoma "Marekani dhidi ya fulani". Ibara ya 2 ya Katiba inampa Rais uwezo wa kusamehe makosa dhidi ya Marekani tu, yaani yale ya sheria za shirikisho. Wizi, shambulio na ubakaji kwa kawaida ni makosa ya jimbo, na hapa Maryland mwenye kuyasamehe ni gavana. Kama hati haipo bado, uliza tendo linadaiwa kufanyika wapi. Jiji la Washington si jimbo, kwa hiyo Rais anaweza kusamehe hata makosa ya sheria za jiji hilo. Barabara ya Western Avenue ni mpaka: nyumba ya upande mmoja iko Washington, ya upande wa pili iko Maryland, na kwa makosa yasiyo ya shirikisho mkono wa Rais unakomea hapo katikati.

Sasa mpime Kavanaugh. Christine Blasey Ford alisema alishambuliwa kingono mwaka 1982, katika nyumba moja ya kaunti hii ya Montgomery. Kavanaugh alikana katakata. Kwa tuhuma hiyo Trump hakuwa na la kusamehe. Tena viongozi wa polisi na mashtaka wa kaunti walieleza kwamba kwa sheria ya 1982, kujaribu kubaka lilikuwa kosa dogo ambalo muda wa kulishtaki ulikwisha baada ya mwaka mmoja.

Kisha angalia wakati. Hapa Wakenya na Watanzania huteleza, na si ajabu: Ibara ya 133 ya Katiba ya Kenya na Ibara ya 45 ya Tanzania zinamzungumzia mtu aliyekwisha kutiwa hatiani. Marekani hawasubiri hukumu. Katika shauri la Garland, Mahakama ya Juu ilisema msamaha unaweza kutolewa wakati wowote baada ya kosa kutendeka, hata kabla ya mashtaka. Ndivyo Rais Gerald Ford alivyomsamehe mtangulizi wake, Richard Nixon, tarehe 8 Septemba 1974. Lakini kosa ambalo halijatendeka halisameheki. Mteule akipewa msamaha asubuhi, mchana akadanganya chini ya kiapo mbele ya kamati ya Seneti, uongo huo ni kosa jipya na karatasi ya asubuhi haiugusi.

Halafu jiulize huyu mtu anatafuta nini. Anatafuta kura za Seneti. Kavanaugh alipita tarehe 6 Oktoba 2018 kwa kura 50 dhidi ya 48, na hakuna msamaha unaoweza kumlazimisha seneta hata mmoja. Zaidi ya hapo, katika shauri la Burdick la mwaka 1915 Mahakama ya Juu iliandika kwamba msamaha hubeba dhana ya hatia, na kuupokea ni kama kukiri. Mteule gani aingie ukumbini na karatasi hiyo mfukoni? Kesi ya madai ya fidia nayo hubaki palepale.

Msisahau pia maisha baada ya kuapishwa kuwa jaji. Katiba inakataza msamaha kuzuia mashtaka ya Bunge ya kumwondoa mtu madarakani. Jaji Thomas Porteous wa Louisiana, aliyeteuliwa na Bill Clinton mwaka 1994, aliondolewa na Seneti Desemba 2010, na mojawapo ya makosa aliyopatikana nayo ni kutoa maelezo ya uongo wakati wa kuthibitishwa kwake. Jaji mwingine, Alcee Hastings, aliachiwa huru na mahakama ya jinai mwaka 1983. Mwaka 1989 Seneti ikamwondoa hata hivyo. Kwangu hiyo ni haki kabisa, maana anayeomba kiti cha maisha cha kuwahukumu wenzake anastahili kupimwa kwa kipimo kikali kuliko cha kukwepa jela.

Kwa hiyo ukiulizwa, tafuta mteule mwenye tuhuma ya shirikisho peke yake, ya tendo lililokwisha kutendeka, ambaye amekwisha kujiondoa kwenye uteuzi. Huyo msamaha utamfaa.