Kabla binti hajapanda treni ya Tabora: maandalizi ya hedhi

Fomu ya kujiunga na shule ya bweni huorodhesha kila kitu: godoro, ndoo, fagio, rimu ya karatasi. Taulo za kike huwa mstari mmoja huko chini, bila idadi, na wazazi wengi huku Kigoma hununua paketi moja wakaona wamemaliza. Hawajamaliza.

Hedhi ya kawaida huchukua siku 2 hadi 7, na pedi hubadilishwa kila baada ya saa 4 hadi 6, hata kama haijajaa. Chukua siku 5 kwa pedi 4: hizo ni pedi 20 kwa mwezi mmoja tu, na paketi nyingi zina 8 au 10. Piga hesabu hadi likizo. Bei inauma, najua. Kodi ya VAT kwenye taulo hizi iliondolewa mwaka 2018 ikarudishwa mwaka uliofuata.

Anayetumia pedi za kitambaa afungashe nyingi kuliko anavyofikiri. Januari shule zinapofunguliwa, Tabora mvua zinanyesha, nguo hazikauki. Kitambaa kifuliwe kwa maji baridi na sabuni, kianikwe juani peupe. Kukificha chini ya kanga au uvunguni kwa sababu ya aibu ndiko kunakoleta ukungu na muwasho.

Aweke alama ya siku ya kwanza ya damu kila mwezi nyuma ya daftari, kisha ahesabu hadi siku ya kwanza ya hedhi inayofuata. Lakini asiitegemee sana hesabu hiyo. Kwa aliyevunja ungo ndani ya miaka miwili au mitatu iliyopita, mzunguko wa siku 21 hadi 45 ni wa kawaida, na mwezi huu unaweza usifanane na uliopita. Ambaye hajaanza naye afungiwe vyake.

Safari yenyewe inataka mkoba mdogo wa mkononi, maana begi kubwa litakuwa limebanwa chini ya magunia ya watu. Ndani yake: pedi tatu nne, chupi ya akiba, sabuni, kanga nyeusi au ya rangi iliyoiva, mifuko ya kufungia iliyotumika, na chupa ya maji ambayo si ya kunywa. Mkifika stesheni ya Kaliua, kabla ya Tabora, usitarajie bomba la choo cha treni bado lina maji.

Tumbo likikata, paracetamol husaidia. Ibuprofen mara nyingi husaidia zaidi, inywewe baada ya kula, ila mwenye vidonda vya tumbo au pumu amuulize mfamasia kwanza. Chupa ya maji ya moto iliyoviringishwa kwenye kitambaa nayo hutuliza. Kuoga hakuna madhara, wala michezo.

Damu inayolowesha pedi kila saa moja au mbili, inayopita siku 7, au maumivu yanayomzuia kuingia darasani, hayo ni ya kituo cha afya. Amwambie matroni siku hiyohiyo.

Baba naye, kama ndiye anayemsindikiza stesheni, aitenge pesa ya pedi za katikati ya muhula na kuitaja kwa jina lake. Ikiitwa pesa ya sabuni, itanunua sabuni.