Kidole tumbo: matundu madogo au mkato wa kawaida? Uliza haya kabla hujasaini, halafu jiuguze hivi

Kidole tumbo hakikupi muda wa kufikiria, maumivu yalianzia kitovuni yakahamia chini kulia, umetapika, dokta kakubonyeza na altrasaundi umepiga, sasa unaambiwa ni oparesheni na unaulizwa unataka matundu au kupasuliwa kawaida. Bora uyajue haya ukiwa mzima.

Mkato wa kawaida ni mmoja, chini kulia, sentimita chache tu kama kidole hakijapasuka. Watu wanaudharau lakini si ushamba, unatibu vizuri kabisa na mara nyingi ganzi ya mgongo inatosha. Wa matundu madogo, ambao daktari Mjerumani Kurt Semm aliuanzisha kwa kidole tumbo mwaka 1980, unatobolewa sehemu tatu hivi, moja kitovuni ya kamera na nyingine za vifaa, tumbo linajazwa gesi ya kaboni dayoksaidi ili dokta aone vizuri, na hapo kwa kawaida ni nusu kaputi. Faida yake kidonda hakipati usaha kirahisi, maumivu ni kidogo na unarudi nyumbani mapema. Kuna na wa tundu moja tu la kitovuni, kovu halionekani ila unachukua muda zaidi na maumivu hayapungui kihivyo, mimi nisingeuhangaikia.

Sasa muulize dokta: kidole kimeshapasuka? Anayefanya ameizoea hii ya matundu? Ikigoma katikati mtafungua tumbo? (Hilo hutokea na si kosa la mtu, ni usalama wako.) Bei hiyo ni pamoja na dawa na kitanda, na bima inalipa?

Na nakuomba sana, kama hospitali uliyopo hawana mashine ya matundu lakini wana daktari wa upasuaji na wako tayari, pasuliwa hapohapo, usipande basi masaa nane kwenda mjini kufuata kovu dogo huku kidole kinataka kupasuka, kikipasuka usaha unasambaa tumboni na hiyo ni vita nyingine kabisa.

Baada ya oparesheni, wa matundu usishtuke bega likiuma, ni ile gesi, siku mbili tatu inaisha. Wote muanze kutembea mapema wakikuruhusu, hata mpaka mlangoni na kurudi, damu isigande miguuni na tumbo liamke. Ukikohoa bana mto tumboni. Kunywa maji, kula matunda na mboga, choo kigumu kitakutesa kuliko kidonda. Kidonda kiwe kisafi na kikavu, usipake asali wala majivu hata kama bibi kasisitiza.

Kazi ya kukaa, wa matundu wengi wanarudi ndani ya wiki moja au mbili, wa mkato wiki mbili mpaka nne, kimepasuka ongeza. Ila ndoo ya lita 20 sahau mpaka dokta aruhusu, matundu madogo yanadanganya watu sana hapa, nje umepona ndani bado.

Ukiona homa ya 38 au zaidi, kidonda kinatoa usaha, tumbo linavimba, unatapika mfululizo, au hutoi hata upepo, rudi hospitali siku hiyohiyo, usingoje tarehe ya kliniki.