Namna ya Kuchagua Dhamira na Riwaya kwa Insha ya Muhula

Kila muhula, kazi ya fasihi inapotangazwa, wanafunzi hapa Mwanza huniletea karatasi zenye mada walizozichagua, na karatasi nyingi hubeba neno moja kubwa: mapenzi, ukombozi, nafasi ya mwanamke, migogoro ya vizazi. Chini ya neno hilo huwa kuna majina ya riwaya mbili ambazo mwanafunzi alizikuta maktaba siku hiyo. Karatasi ya namna hiyo mimi huirudisha, kwa sababu neno kubwa kama ukombozi linaingia katika riwaya yoyote, na dhamira inayoingia kila mahali haimsaidii mwandishi wa insha kuamua aandike nini na aache nini. Mwanafunzi ataandika ukurasa mmoja wa maana ya ukombozi, kurasa nne za muhtasari wa visa, kisha hitimisho linalosema kwamba waandishi wote wawili wameuzungumzia ukombozi.

Ushauri wangu ni kuanza na kitu badala ya neno. Chukua riwaya moja ambayo umekwisha kuisoma na ikakugusa, uisome tena ukiwa na penseli, na uweke alama kila mahali ambapo kitu kimoja kinachoshikika kinarudi: barua, fimbo, mahari, kaburi, chombo cha majini, mlango unaofungwa. Kinachorudi mara nyingi, na hasa pale ambapo maisha ya mhusika yanageuka, mwandishi hakukiweka bure. Andika namba za kurasa pembeni. Kazi hii huchukua siku mbili au tatu, na ninaisisitiza kuliko hatua nyingine yoyote, kwa kuwa dhamira iliyotoka ndani ya riwaya huja na ushahidi wake, ilhali dhamira iliyoletwa kutoka nje humlazimu mwanafunzi kuutafuta ushahidi baadaye kwa tochi.

Nitoe mfano kutoka upande wetu wa ziwa. Ukerewe, kisiwa ambacho kivuko cha kwenda Nansio hutufikisha kutoka hapa mjini, kimetoa waandishi watatu wa riwaya ambao mwanafunzi yeyote wa fasihi ya Kiswahili anapaswa kuwajua: Aniceti Kitereza, Euphrase Kezilahabi na Gabriel Ruhumbika. Riwaya ya Kezilahabi, Rosa Mistika, iliyotoka mwaka 1971, ina baba anayeitwa Zakaria, na ukiifuatilia kwa penseli utaona kwamba pombe haimwachi Zakaria. Pombe ndiyo inayomwondoa nyumbani, inamwachia mkewe Regina mzigo wa familia, na bado mlevi huyohuyo anadai kumlinda binti yake Rosa kwa ukali usio na maelezo. Mwanafunzi wa kawaida ataandika hapa kwamba dhamira ni ulevi, kisha atasema ulevi ni mbaya, na insha itakuwa imekwisha kabla ya kuanza.

Sasa weka kando yake riwaya ya Kitereza kuhusu Bwana Myombekere na Bibi Bugonoka, ambayo aliikamilisha kwa Kikerewe mwaka 1945 na ikachapishwa kwa Kiswahili mwaka 1980. Bugonoka anachukuliwa na wazazi wake kwa sababu ndoa yake haijapata mtoto na watu wa upande wa mume wamemdharau. Myombekere anapokwenda kumwomba mkewe, wakwe wanamtoza pombe ya ndizi, naye hawezi kuiandaa bila msaada wa wengine. Riwaya inaeleza utengenezaji wake kwa utulivu na heshima, kama kazi inayostahili kuelezwa. Pombe hapa ndiyo inayomrudisha mke nyumbani. Katika riwaya moja pombe inajenga nyumba, katika nyingine inaibomoa, na zote mbili zimeandikwa na wana wa kisiwa kimoja. Hapo ndipo swali linapozaliwa: ni nini kimebadilika kati ya pombe inayoandaliwa na kunywewa kwa ajili ya makubaliano ya koo mbili, na pombe anayoinywa baba mmoja kwa fedha ya nyumba yake? Mwanafunzi aliyefika kwenye swali hilo hana tena haja ya neno kubwa. Anaandika juu ya kuvunjika kwa wajibu wa pamoja, na ana kurasa za kumthibitishia.

Kutokana na mfano huo utaona jinsi ya kuchagua riwaya ya pili. Riwaya mbili zinazosema jambo lilelile kwa namna ileile hazikupi insha, na riwaya mbili zisizo na kitu chochote cha kuzikutanisha hazikupi pia. Tafuta riwaya zinazokutana kwenye kitu kimoja na kuachana juu ya maana yake. Jozi inayopendwa sana ni Rosa Mistika pamoja na Utengano ya Said Ahmed Mohamed, ya mwaka 1980, kwa sababu katika zote mbili baba anamfungia binti na binti anapotea anapopata uhuru asiouzoea. Ni jozi nzuri, lakini wengi wameishia kwenye kufanana huko. Yenye faida zaidi ni tofauti: Rosa anakufa kwa mkono wake mwenyewe, ilhali Maimuna wa Utengano anaachwa hai na kupewa nafasi ya kuanza upya. Ukiichagua jozi hii, basi insha yako na iwe juu ya miisho hiyo miwili, kwa nini mwandishi mmoja aliufunga mlango na mwingine akauacha wazi, na kila mmoja anamhukumu nani kwa mwisho aliouchagua.

Usichague riwaya kwa sababu ni nyembamba. Nagona na Mzingile, ambazo Kezilahabi alizitoa mwaka 1990 na 1991, ni fupi kiasi cha kusomwa jioni moja, na kila mwaka kuna mwanafunzi anayezichukua kwa sababu hiyo. Hizo ni riwaya zilizoacha njia ya kawaida ya usimulizi. Mandhari yake ni ya ndotoni, visa havifuatani kwa wakati, na mhusika hatambulishwi kwa jina na kazi yake. Ziandikie ikiwa umevutwa na maswali ya ukweli na kifo na uko tayari kuzisoma mara tatu. Kitabu cha Kitereza nacho kinaogopwa kwa ukubwa wake, lakini lugha yake ni nyepesi kufuatwa, na anayekianza mapema katika muhula hukimaliza bila shida. Kumbuka tu kwamba Kiswahili unachokisoma humo ni tafsiri ya mwandishi mwenyewe kutoka Kikerewe, kwa hiyo ukitaka kujadili matumizi ya lugha ni lazima uliseme hilo mwanzoni.

Liko pia jambo linalowahusu hasa wanafunzi waliozaliwa visiwani au kandokando ya ziwa. Kuijua Namagondo, kijiji cha Ukerewe kinachotajwa katika Rosa Mistika, au kujua jinsi mzee wa ukoo anavyoketishwa na kupewa kinywaji, ni msaada mkubwa katika kusoma, lakini nimesoma insha ambazo mwandishi alisahau riwaya akaanza kueleza mila za kwao. Msomaji wa insha yako hawezi kufungua kumbukumbu zako. Anaweza kufungua ukurasa uliomtajia. Kila unalolijua kutoka nyumbani litumie kuuliza swali, kisha jibu ulitafute kwenye maandishi. Na usiipe riwaya tatizo la leo ambalo haikuwa nalo. Mwanafunzi mmoja aliwahi kunieleza kwamba Rosa aliharibiwa na utandawazi. Nilimwomba anionyeshe ukurasa, akarudi baada ya siku chache na dhamira nyingine, safari hii kuhusu shule ya bweni na ukimya wa wazazi, ambayo ilikuwa yake kweli.

Kabla ya kukubali jozi yoyote, fanya jaribio hili. Gawa karatasi katikati, kila riwaya na upande wake, na uandike matukio manane ya kila riwaya yanayogusa kitu ulichokichagua, pamoja na namba za kurasa. Matukio hayo yatoke mwanzoni, katikati na mwishoni mwa kitabu. Yakirundikana katika sura moja, dhamira hiyo ni ya sura na si ya riwaya. Kisha angalia kama yanakupeleka pia kwenye fani, yaani namna riwaya ilivyosimuliwa na kujengwa. Kichwamaji, riwaya nyingine ya Kezilahabi, kwa mfano, inasimuliwa na mhusika wake mkuu, Kazimoto, mwenyewe, na mtu anayejisimulia huficha na hujitetea. Ukiilinganisha na riwaya ya msimulizi anayeona yote, tofauti hiyo ya usimulizi ni sehemu ya hoja yako na haifai kutupwa kwenye aya ya mwisho yenye kichwa cha fani. Kwa insha ya maneno elfu mbili au tatu, riwaya mbili zinatosha. Ya tatu huishia kutajwa tu.

Ukishapata matukio hayo, andika sentensi moja, ndefu kadiri inavyohitajika, inayotaja kitu chenyewe, riwaya zote mbili, na namna zinavyoachana. Sentensi hiyo na karatasi ya matukio mpelekee mwalimu wako kabla hujafungua kitabu chochote cha uhakiki, kwa maana mhakiki ukimsoma mapema atakufikiria kila kitu, nawe utabaki kunakili. Uende na nakala za riwaya zenyewe mkononi, zikiwa na alama za penseli, ili atakapokuuliza umekiona wapi, mfungue ukurasa pamoja.